Mshipa wa Moyo Umezibuliwa kwa Dharura: Nani Hupona, na Nini Huamua? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa kwenye mabenchi nje ya wodi za moyo, mengine saa nane usiku, na watu ambao hawajui wamshike nani. Yanahusu mshtuko wa moyo wa aina ile ambapo mshipa mmoja umeziba kabisa na madaktari wameufungua palepale: mrija mwembamba umepitishwa mkononi au kwenye paja hadi moyoni, puto likapanua palipoziba, stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma, ikaachwa pale kushikilia njia. Aliyepangiwa tarehe na kuja na begi lake ana habari tofauti. Na kwa mgonjwa wako mwenyewe, neno la mwisho ni la daktari aliyemshika mkono.

Daktari anasema mshipa umefunguka. Mbona hasemi kwamba mgonjwa amepona?

Kwa sababu alichofungua ni mfereji, na bado hajui shamba limekauka kiasi gani. Mwenye migomba chini ya Kilimanjaro hahitaji kuchorewa hili. Maji yakirudi jioni ileile, majani yanasimama. Yakirudi baada ya majuma, mfereji ni mzima lakini migomba imelala.

Misuli ya moyo inayokosa damu haifi yote kwa wakati mmoja. Huanza kufa upande wa ndani, kisha kifo husogea kuelekea nje. Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Reimer, Jennings na wenzao, walilionyesha jambo hili kwa mbwa. Mshipa ulipofungwa kwa dakika 40 kisha ukaachiwa, karibu asilimia 38 ya misuli iliyoutegemea ilikuwa imekufa. Ulipofungwa saa 3 ikawa asilimia 57, na saa 6 ikawa asilimia 71. Binadamu si mbwa, na wengine wana vijishipa vya pembeni vinavyopunguza makali, lakini mwendo ni huohuo: hasara kubwa hutokea mwanzoni. Mwezi Septemba mwaka uleule, mjini Zurich, Andreas Grüntzig akapanua mshipa wa moyo wa binadamu kwa puto kwa mara ya kwanza. Tangu hapo ufundi umeendelea sana. Saa za moyo hazijabadilika.

Hebu tupeni namba. Kati ya watu mia, wangapi hawatoki hospitali?

Katika hospitali 515 za Marekani zilizofuatiliwa kati ya 2005 na 2009, wagonjwa zaidi ya 96,000 walizibuliwa mshipa kwa dharura, na karibu 5 katika kila 100 walifariki kabla ya kuruhusiwa.

Usiishike namba hiyo kama ndiyo ya baba yako. Ndani yake wamo aliyeingia akitembea, anaongea, presha iko sawa, na huyo hatari yake iko chini sana ya 5. Yumo pia aliyeletwa baridi kama jiwe, presha haisomeki vizuri, na huyo hatari yake ni 40 hadi 50 katika 100, hata kwenye hospitali nzuri. Swali la kumuuliza daktari ni hili: mgonjwa wetu yuko karibu na yupi?

Walimhudumia haraka sana baada ya kufika. Hilo halitoshi?

Linasaidia, ila halitoshi, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae kidogo.

Hospitali hupima muda tangu mgonjwa avuke mlango hadi puto lifungue mshipa. Marekani lengo ni dakika 90. Ulaya, mgonjwa akiwa tayari amefika penye mtambo wa kuzibua, ni dakika 60. Zile hospitali 515 nilizozitaja zilijitahidi kweli: kwa miaka minne muda wao wa kati ulishuka kutoka dakika 83 hadi 67. Ungetarajia vifo vipungue. Vilitoka asilimia 4.8 vikafika 4.7, yaani havikusogea.

Kwa nini? Mojawapo ya maelezo, na ndilo ninaloliamini mimi, ni kwamba saa ya mlangoni si saa ya moyo. Saa ya moyo inaanza pale maumivu yalipoanza. Huko Zwolle, Uholanzi, wagonjwa 1,791 walipofuatiliwa, kila nusu saa ya kuchelewa tangu dalili za kwanza hadi puto iliongeza hatari ya kufa ndani ya mwaka kwa asilimia 7.5.

Mjomba wangu alianza kubanwa kifua saa mbili usiku, ametoka kula wali maharage. Akaitisha tangawizi. Saa sita akaomba magadi kidogo kwenye maji, eti gesi. Alifika hospitali saa kumi na moja alfajiri, na madaktari walimzibua ndani ya dakika 50, kazi safi kabisa. Kwenye karatasi zake muda unapendeza. Lakini saa tisa zilikwishaondoka sebuleni, na hakuna fomu inayoziandika.

Kwa nini watu huchelewa nyumbani, na wanaochelewa zaidi ni akina nani?

Kwa sababu maumivu yenyewe yana majina mengine mengi yaliyotangulia: kiungulia, gesi, kichomi, vidonda vya tumbo, mawazo, au mtu ameona kitu. Wengi pia hungoja maumivu makali kama ya kisu, na mara nyingi si kisu. Ni uzito, kama mtu amekalia kifua, au kubanwa kunakopanda shingoni, kwenye taya, kushuka mkono wa kushoto au kukaa chini ya chembe ya moyo. Kijasho chembamba kinachotoka wakati hakuna joto ni ishara ninayoiogopa kuliko maumivu yenyewe.

Wanawake, wazee na wenye kisukari huchelewa zaidi. Kisukari cha miaka mingi huharibu neva, kwa hiyo mtu anaweza kukosa pumzi, kutapika au kuishiwa nguvu tu, bila kuumwa kifua. Mwanamke akisema amechoka na moyo unamwenda mbio huambiwa apumzike. Takwimu za nchi nyingi zinaonyesha wanawake hufariki zaidi baada ya kuzibuliwa. Sehemu ya sababu ni kwamba wanapougua huwa na umri mkubwa na kisukari zaidi, na sehemu nyingine ni kule kuambiwa wapumzike.

Ukishuku, nenda penye kipimo cha umeme wa moyo, kile wanachokiita ECG. Dakika kumi zinatosha kukipiga. Aspirini ya miligramu 300 ikitafunwa, isimezwe nzima, inasaidia, isipokuwa kwa mwenye mzio nayo, anayetapika damu, anayepata choo cheusi, au aliyepooza ghafla upande mmoja. Na itafunwe mkiwa njiani. Usikae kungoja uone kama itamtuliza.

Hospitali yetu haina mtambo wa kuzibua. Tukimbilie mjini?

Inategemea mjini ni wapi. Kanuni inayotumika duniani ni dakika 120. Kama kuanzia pale ECG inaposoma mshtuko hadi puto lipite haitazidi muda huo, mpeleke. Kama itazidi, apewe kwanza dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda palepale alipo, ndipo asafirishwe.

Kwa Afrika Mashariki hili si jambo dogo. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa 2015 katika eneo la Muhimbili. Kampala ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Nairobi zipo hospitali kadhaa. Lakini mtu wa Kigoma yuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, na wa Pemba ana bahari mbele yake. Kumwambia huyo “dakika 120” ni mzaha. Ndiyo maana nikisikia mtu anaibeza sindano ya kuyeyusha damu kwamba ni tiba ya kizamani, nakosa uvumilivu. Utafiti mkubwa wa 1988 ulioitwa ISIS-2, wenye wagonjwa 17,187, ulionyesha kwamba aspirini peke yake ilipunguza vifo vya wiki tano za mwanzo kwa asilimia 23, streptokinasi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, peke yake kwa 25, na zote mbili pamoja kwa 42. Baadaye, 2013, utafiti wa STREAM ukawachukua watu waliofika mapema ambao wasingeweza kufikishwa kwenye puto ndani ya saa moja. Waliochomwa dawa kisha wakahamishwa hawakufanya vibaya kuliko waliokimbizwa moja kwa moja. Zaidi ya theluthi moja yao dawa haikufua dafu ikabidi wazibuliwe haraka, kwa hiyo safari haifutwi. Na kwa wazee wa miaka 75 na zaidi dozi ilipunguzwa nusu baada ya kuonekana inaleta damu kuvuja kichwani.

Puto ni bora likipatikana kwa wakati. Uchambuzi wa tafiti 23 uliochapishwa 2003 ulikuta vifo vya asilimia 7 kwa waliofanyiwa puto dhidi ya 9 kwa waliopewa dawa. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko ile kati ya kupata mojawapo na kukosa yote.

Na kukosa yote kupo. Kaskazini mwa Tanzania watafiti waliwafuatilia watu waliofika idara ya dharura ya hospitali ya rufaa wakiumwa kifua au kukosa pumzi. Matokeo yalichapishwa 2020: wengi waliokuwa na mshtuko wa moyo hawakutambuliwa, na ndani ya siku 30 zaidi ya 4 katika kila 10 walikuwa wamefariki.

Mbona wauguzi wanamsikiliza mgongoni kila baada ya muda? Ugonjwa si uko moyoni?

Wanatafuta maji kwenye mapafu. Moyo uliopigwa ukishindwa kusukuma, damu hurudi nyuma na mapafu hulowa. Mwaka 1967, kabla ya puto na stenti, Killip na Kimball wa New York waliwagawa wagonjwa 250 kwa kuwasikiliza na kuwatazama tu. Ambao mapafu yalikuwa makavu walifariki asilimia 6. Wenye sauti ya maji upande wa chini wa mapafu, asilimia 17. Waliojaa maji kabisa, 38. Waliozimika presha na kupoa mwili, 81. Leo namba zote hizo zimeshuka sana, lakini ngazi zenyewe hazijavunjika. Miaka karibu sitini imepita na bado kipimo kinachotabiri vizuri kuliko mashine nyingi ni sikio la muuguzi.

Wametuambia “yuko kwenye shoku”. Maana yake nini?

Maana yake moyo hausukumi damu ya kutosha kuhudumia figo, ubongo na viungo vingine. Presha inakuwa chini, mikono na miguu inapoa, mkojo unapungua, mgonjwa anachanganyikiwa. Hutokea kwa 5 hadi 10 katika kila 100 wenye mshtuko wa aina hii, na ndilo jambo linaloua wengi zaidi wakishafika hospitali.

Hata hapo kuzibua mshipa kunaokoa. Utafiti wa 1999 wenye wagonjwa 302 ulikuta kwamba baada ya miezi sita, waliofunguliwa mishipa mapema walikuwa wamekufa asilimia 50, na waliotibiwa kwa dawa kwanza asilimia 63. Pampu ya puto inayowekwa kwenye mshipa mkuu ilitumika miaka mingi, hadi utafiti wa Ujerumani wa 2012 ulipoonyesha haipunguzi vifo. Mwaka 2024 pampu ndogo inayoingizwa ndani ya moyo ilionyesha faida kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa makini: asilimia 45.8 walifariki ndani ya siku 180, dhidi ya 58.5 ya wasiowekewa. Inakuja na damu kuvuja na matatizo ya mguu, na bei yake huku kwetu ni hadithi nyingine.

Umri, kisukari, figo: kipi kibaya zaidi?

Umri una nguvu kuliko vyote, na haubadilishwi, kwa hiyo sitaukalia. Niseme tu kwamba huku ugonjwa huu huja mapema. Utafiti wa INTERHEART wa 2004, uliofanyika nchi 52, uliona mshtuko wa kwanza katika Mashariki ya Kati ukiwapata watu karibu miaka 10 mapema kuliko Ulaya Magharibi, na Afrika nayo ilikuwa mapema. Ndugu zetu walioko Muscat na Dubai wasijidanganye kwa miaka yao 45.

Figo ndizo husahauliwa. Dawa ya rangi inayotumika kuonyesha mishipa hupita kwenye figo. Zikiwa zimechoka tangu zamani, au presha ikiwa imeshuka, zinaweza kugoma kwa siku kadhaa. Mgonjwa ambaye figo zake zinafanya kazi nusu, hatari yake ya kufa huongezeka mara kadhaa, na dawa nyingine nyingi lazima zipimwe upya. Kwa hiyo usikasirike wakikuomba mkojo wa saa 24.

Kisukari huathiri kila kitu: mgonjwa anachelewa kuhisi, mishipa yake imeharibika mahali pengi, si mahali pamoja tu, vijishipa vidogo havipitishi damu vizuri hata mkubwa ukifunguka. Hata asiyejulikana kuwa na kisukari, sukari ikipanda sana siku anapolazwa, ni dalili mbaya. Anayeishi nacho akiwa amekidhibiti hayuko sawa na aliyeacha dawa tangu mwaka jana. Upungufu wa damu nao upo kwenye orodha hii, na kwetu ni wa kawaida kuliko tunavyodhani.

Je, kuna tofauti kulingana na mshipa upi ulioziba?

Kubwa sana. Mshipa wa mbele wa kushoto hulisha ukuta mkubwa wa moyo, kwa hiyo ukiziba karibu na mwanzo wake hasara ni kubwa. Shina la kushoto likiziba, wengi hawafiki hospitali. Wa kulia mara nyingi huleta mapigo kuwa ya polepole mno, inatisha wanaotazama, lakini likipita misuli iliyobaki huwa nyingi.

Wanasema stenti imekaa vizuri lakini “damu haipiti vizuri”. Inawezekanaje?

Inawezekana. Barabara kuu imefunguliwa, vichochoro vimeziba. Vipande vya damu iliyoganda huvunjika na kushuka chini, seli huvimba, vijishipa hubana. Madaktari hupima mtiririko kwa alama kutoka 0 hadi 3. Tatu ndiyo wanayoitaka, na anayemaliza na moja au mbili hatari yake ni kubwa zaidi. Hutokea zaidi kwa waliochelewa na kwa wenye kisukari.

Palikuwa na matumaini kwamba kunyonya bonge la damu kabla ya stenti kungetatua. Tafiti mbili kubwa, 2013 na 2015, zikaonyesha kwamba kumfanyia kila mtu hivyo hakupunguzi vifo, na ule wa pili ukaona viharusi vimeongezeka. Kwa hiyo sasa hufanywa kwa wachache tu.

Ametobolewa mkono, jirani yetu alitobolewa paja. Nani kahudumiwa vizuri?

Mkono, kama daktari ameuzoea. Si urembo. Damu inayovuja kwenye paja inaweza kujificha tumboni kwa nyuma, na mtu wa mshtuko wa moyo ana dawa kadhaa za kuzuia damu kuganda mwilini kwa wakati mmoja. Katika utafiti wa Italia wa 2012 wenye wagonjwa 1,001, vifo vya moyo vilikuwa asilimia 5.2 kwa waliopitiwa mkononi na 9.2 kwa waliopitiwa pajani. Paja bado lina kazi yake, hasa kwenye shoku ambapo mshipa wa mkono haushikiki.

Moyo wake ulisimama njiani, wakamshtua ukarudi. Bado kuna tumaini?

Lipo. Mambo mawili yana uzito kuliko mengine: kama kuna mtu aliyesukuma kifua papo hapo, na ilichukua muda gani moyo kurudi. Moyo uliovurugika mapigo katika saa za mwanzo, ukashtuliwa kwa umeme ndani ya dakika chache mgonjwa akaamka, hauna lazima ya kumwachia kasoro yoyote. Aliyelala dakika 25 kwenye kiti cha nyuma cha teksi bila kuguswa, hata mshipa ukifunguliwa vizuri, swali linahama kutoka moyoni kwenda kwenye ubongo. Hapo madaktari wakisema wanasubiri siku tatu ndipo waseme lolote, hawakwepi. Ubongo hausomeki mapema.

Mbona hawajamwekea oksijeni?

Kwa sababu haihitaji. Sweden waliijaribu kwa watu 6,629 na kutoa matokeo 2017: ambao kiwango chao cha oksijeni kilikuwa cha kawaida hawakufaidika chochote. Ikishuka chini ya 90, watamwekea.

Ana mishipa mingine miwili iliyobana. Kwa nini hawakuifungua yote kwa mkupuo?

Kwa mgonjwa aliye kwenye shoku, kufungua yote usiku uleule humdhuru. Utafiti wa CULPRIT-SHOCK wa 2017 ulilinganisha njia hizo mbili: waliofunguliwa mshipa ulioleta mshtuko peke yake, asilimia 45.9 walifariki au figo zikahitaji mashine. Waliofunguliwa yote, 55.4. Anayetulia ni tofauti. Kwake kurudi baadaye, ndani ya siku au wiki chache, kuna faida: kati ya watu 4,041 wa utafiti wa COMPLETE wa 2019, kifo cha moyo au mshtuko mpya vilishuka kutoka asilimia 10.5 hadi 7.8 kwa miaka mitatu. Kwa hiyo mkipewa tarehe ya kurudi msiione kama mbinu ya kuwatoa pesa mara mbili. Najua inavyoonekana ukiwa umeshauza ng'ombe kwa awamu ya kwanza.

Ripoti imeandika moyo unasukuma asilimia 35. Yaani amebakiwa na theluthi?

Hapana. Moyo mzima wenyewe hausukumi asilimia 100. Husukuma karibu 55 hadi 70 ya damu iliyomo kwa kila pigo. Thelathini na tano ni udhaifu wa kweli, na kiwango hiki ni kati ya mambo yanayotabiri vizuri miaka ijayo. Lakini kipimo cha siku ya pili hudanganya. Kuna misuli iliyopigwa bumbuwazi, haijafa, na huamka ndani ya wiki kadhaa. Ndiyo maana kifaa cha kushtua moyo kinachopandikizwa kifuani hakiwekwi mapema; husubiriwa angalau siku 40 kisha kipimo kirudiwe. Mjomba alitoka na 30. Baada ya miezi mitatu ilikuwa 42. Hapandi tena mlima wa kwenda shambani kwa mwendo wa zamani, lakini anaupanda.

Siku gani ndizo za hatari?

Saa 48 za mwanzo kwa mapigo kuvurugika. Wiki ya kwanza kwa ukuta wa moyo kuchanika, jambo adimu lakini la ghafla, na huwapata zaidi waliochelewa. Mwezi wa kwanza kwa stenti kuziba. Baada ya hapo mteremko hupungua ukali.

Amepewa dawa nyingi na anajisikia vizuri. Aache lini?

Aspirini, kwa kawaida haachi. Ya pili ya kuzuia chembe za damu kugandana, iwe klopidogreli, tikagrelori au prasugreli, hutumika kwa kawaida miezi 12, na daktari wa moyo peke yake ndiye wa kubadilisha muda huo. Mwaka 2005 ulichapishwa ufuatiliaji wa watu 2,229 waliowekewa stenti zenye dawa. Stenti ziliziba kwa 29 tu. Kati ya hao 29 walifariki 13, na kilichotabiri kuziba kuliko kitu kingine chochote ni kuacha dawa mapema.

Wanaacha kwa sababu zinazoeleweka. Dawa zimeisha na mshahara haujatoka: hapo mwambie daktari kuhusu klopidogreli ya kawaida isiyo na jina kubwa, iliyo nafuu, ni bora kuliko pengo la wiki mbili. Daktari wa meno anataka kung'oa jino na kasema aache zote: piga simu kwanza kwa aliyeweka stenti. Ramadhani imeingia: dozi zinaweza kupangwa kwenye futari na daku, lakini wiki chache baada ya mshtuko wa moyo si wakati wa kufunga, na masheikh wengi watakuambia ruhusa ya mgonjwa ipo kwa ajili ya hali kama hiyo. Mganga kampa mizizi: asifiche, maana baadhi ya mitishamba hugombana na dawa za damu.

Na diklofenaki. Goti likiuma, duka la dawa la mtaani litamuuzia bila swali. Dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, huongeza hatari ya kifo na ya mshtuko mwingine kwa mtu aliyekwishaupata. Parasetamoli inatosha kwa mengi.

Za kushusha mafuta, za kutuliza mapigo na za kupunguza mzigo wa moyo hazina kishindo, hakuna siku utakayoziona zikifanya kazi.

Sigara moja moja je?

Hapana. Kuacha kabisa kunapunguza vifo kwa karibu theluthi, sawa na dawa yoyote kwenye ule mfuko, na ni bure. Shisha na ugoro navyo vimo.

Sisi watoto wake tuna hatari?

Kama alipatwa kabla ya miaka 55 akiwa mwanamume, au kabla ya 65 akiwa mwanamke, ndiyo, hatari yenu iko juu ya ya jirani. Pimeni presha, sukari na mafuta kwenye damu sasa hivi, wakati bado mnakuja kumwangalia na mashine zipo ghorofa ya chini. Binamu yangu, mtoto wa mjomba, alipimwa palepale alipokuwa akingoja saa ya kuona wagonjwa. Presha ilisoma 170 kwa 105. Ana miaka 38, na alikuwa amekuja na chupa ya uji tu.